Geuza Utazame Nyuma: Jinsi ya Kuanza Kukusanya Chapa za Ubao za Kijapani

Mama anayenunua kanga Kariakoo haridhiki na upande wa mbele. Huikunjua, huigeuza kuona kama rangi imepenya, kisha hufuata pindo kwa kidole aone kama wekundu umetoka nje ya mstari mweusi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kanga zetu zilichapwa Japani, na wachapaji wa huko walijua kabisa kwamba mteja wa Pwani atageuza. Nilipoanza kukusanya chapa za ubao za Kijapani, macho hayo niliyoyapata kwa mama yangu ndiyo yaliyonifaa kuliko chochote nilichosoma.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeliona lile wimbi kubwa la mchoraji wa Kijapani Hokusai kwenye fulana au kava la simu, akatamani kushika chapa halisi ya zamani mkononi. Inawezekana, na haihitaji utajiri. Inahitaji kuelewa jambo moja tangu mwanzo: chapa haina "ile moja ya asili" iliyofungiwa mahali. Kuna nakala nyingi za picha ileile, na kila nakala ina hali yake: ilichapwa mapema au ubao ulipokwisha kuchakaa, kwa uangalifu au kwa haraka, imetunzwa gizani au imepigwa jua miaka 50. Unanunua nakala hiyo iliyo mbele yako. Jina la mchoraji haliibadilishi.

Hatua ya 1: Elewa inavyotengenezwa

Chapa ya zamani ni kazi ya watu wanne. Mchapishaji hutoa mtaji na kuamua kitakachouzika. Mchoraji huchora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni, akachonga akiifuata mistari, na mchoro wenyewe ukaisha papo hapo chini ya kisu. Kisha kila rangi huchongewa ubao wake. Mchapaji hupaka rangi iliyochanganywa na maji na gundi kidogo ya mchele, huweka karatasi, na kuisugua kwa mgongo kwa kitu cha duara kinachoitwa bareni, kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine ya kukandamiza. Ni nguvu ya bega.

Karatasi hukaaje mahali pake rangi kumi zikipita? Kwenye kila ubao mchongaji huacha alama mbili, moja ya pembeni na nyingine kando yake, ziitwazo kento. Mchapaji huegemeza karatasi hapo kila mara. Ikiyumba hata kidogo, utaona rangi imeruka mstari, kama kanga ya bei ya chini.

Mwaka 1765, Edo (Tokyo ya leo), mbinu hii ilifikia rangi kamili katika kazi za Suzuki Harunobu, na watu wakaziita nishiki-e, picha za zari. Zilikuwa bidhaa za watu wa kawaida: waigizaji wa kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani), wanawake maarufu, wapiganaji, njia za safari. Katikati ya karne ya 19 nakala moja ya kawaida iliuzwa karibu kwa bei ya bakuli la tambi. Jambo hili linanigusa kila ninapoishika moja, kwamba kitu kilichonunuliwa na fundi au dobi akirudi nyumbani kimefika mpaka kwangu.

Hatua ya 2: Zoesha macho kabla ya kutoa hela

Jipe miezi mitatu bila kununua. Makumbusho makubwa yameweka picha za makusanyo yao kwenye intaneti kwa ubora wa kukuza hadi uone nyuzi za karatasi: Metropolitan ya New York, Art Institute of Chicago, Rijksmuseum ya Amsterdam, British Museum ya London, na Museum of Fine Arts ya Boston yenye makumi ya maelfu ya chapa za Kijapani. Tovuti ya ukiyo-e.org hukusanya picha kutoka taasisi nyingi. Unapakia picha ya chapa uliyoiona inauzwa, nayo inakutafutia nakala nyingine za chapa hiyo.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua picha moja, tafuta nakala zake tatu katika makumbusho tofauti, ziweke sambamba kwenye skrini. Anza na wimbi la Hokusai, lililotoka mnamo 1831 katika mfululizo wake wa Mlima Fuji, ulioitwa mandhari 36 ingawa picha ziko 46. Tazama kisanduku cha maandishi juu kushoto. Katika nakala za mapema mistari yake miwili ni mizima. Katika nakala za baadaye imevunjika, kwa sababu kuta hizo nyembamba za mbao zilichakaa. Halafu tazama anga: nyingine bado zina wingu la waridi hafifu, nyingine zimebaki na rangi ya karatasi tu. Na ukiwa hapo zitazame zile mashua tatu. Ni mashua za kasi za kukimbiza samaki wabichi sokoni Edo, na mabaharia wamelala juu ya makasia yao. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu haelezwi picha hiyo inahusu nini.

Nakala moja ya wimbi hilo iliuzwa New York Machi 2023 kwa dola milioni 2.76. Zipo nyingine zilizochakaa ambazo hazifiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo, na ni picha ileile. Tofauti yote imo katika mambo unayoyafanyia mazoezi sasa.

Hatua ya 3: Chagua kona yako

Usikusanye "Japani". Chagua kitu kidogo kinachokupendeza kweli: mvua, mashua, paka, theluji usiku, mchoraji mmoja, barabara moja. Mkusanyaji mwenye chapa sita za mvua anajua mengi kuliko mwenye arobaini za mchanganyiko.

Kwa mfuko wa kawaida, ushauri wangu ni huu. Chapa za waigizaji za Kunisada (1786–1865) ziko nyingi mno, kwa hiyo nakala nzuri bado hupatikana kwa dola mia moja au mia mbili. Chapa za enzi ya Meiji, baada ya 1868, nazo hupuuzwa kwa sababu ya ile rangi nyekundu kali ya kemikali, ingawa Yoshitoshi (1839–1892) ni wa enzi hiyohiyo na mfululizo wake wa mwezi, ulioanza 1885, kwangu mimi unasimama bega kwa bega na chochote kilichotangulia. Ukipenda utulivu wa mandhari, tafuta shin-hanga, chapa mpya za karne ya 20, hasa Kawase Hasui (1883–1957) aliyefanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo. Tetemeko la ardhi la Tokyo la Septemba 1923 liliteketeza mbao za Watanabe, ndiyo maana Hasui za kabla yake ni adimu na ghali.

Nakala za kisasa zilizochongwa upya na kuchapwa kwa mkono, kama zinazotolewa na Adachi ya Tokyo au Unsodo ya Kyoto, hazina aibu yoyote mradi ziuzwe kwa jina lake. Moja ya hizo ni mwalimu mzuri sana: utajua chapa ilivyokuwa siku ilipotoka kwa mchapaji, kabla ya jua na miaka.

Hatua ya 4: Jifunze alama chache

Huhitaji kusoma Kijapani. Kanga ina pindo, mji na jina. Chapa nayo ina sehemu zake. Jina la mfululizo na la picha huwa kwenye visanduku. Saini ya mchoraji huishia na 画 (ga) au 筆 (hitsu), yaani "amechora". Halafu kuna muhuri wa mchapishaji, na kwa chapa nyingi za Edo, muhuri wa mkaguzi wa serikali.

Mihuri ya ukaguzi ndiyo saa yako. Muhuri wa duara wa 極 (kiwame) ulitumika tangu miaka ya mwanzo ya 1790 hadi 1842. Baadaye ukaja 改 (aratame), na tangu 1852 kukawa na muhuri wa mwaka na mwezi unaohesabu kwa wanyama kumi na wawili: panya ni 1852, ng'ombe 1853, chui-milia 1854, sungura 1855, joka 1856, nyoka 1857, farasi 1858. Kwa hiyo "Mvua ya Ghafla" ya mchoraji Hiroshige kwenye daraja la Ohashi, yenye nyoka na 9, ni ya mwezi wa tisa wa 1857. Jifunze alama hizo chache kwa moyo. Ni kazi ya jioni moja.

Kwa chapa za karne ya 20 saa ni nyingine. Hasui za baada ya Vita Vikuu vya Pili zilizochapwa akiwa hai mara nyingi zina muhuri mdogo wa duara wa Watanabe, wa takriban milimita 6, ndani ya picha karibu na kona ya chini. Yoshida Hiroshi (1876–1950) aliweka kwenye ukingo wa kushoto alama ya 自摺 (jizuri), kuonyesha kwamba uchapaji aliusimamia mwenyewe. Mbao za wote wawili ziliendelea kuchapwa baada ya vifo vyao, na nakala hizo zina bei yake.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa karatasi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo hela hupotea.

Ile "Mvua ya Ghafla" ilikuwa ununuzi wangu wa kwanza, kwenye mnada wa mtandaoni, dola 140, "toleo la zamani" kwa maneno ya muuzaji. Ilipofika niliisimamisha dirishani nikiwa na furaha tele. Mistari ya mvua ya picha hiyo ilichongwa kwenye mbao mbili, moja ikiwa na mteremko tofauti kidogo na mwenzake, ndiyo maana mvua yake inaonekana kuwa na kina, kama inakuja kutoka mbali na karibu kwa wakati mmoja. Nikachukua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, nikaiweka juu ya mstari mmoja. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na nukta: za buluu, njano, nyeusi, zimepangwa safu safu. Ilikuwa picha ya mashine ya ofseti. Nikageuza nyuma: nyeupe pe, kama karatasi ya daftari. Ningeomba picha ya upande wa nyuma kabla ya kulipa, nisingeinunua.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Geuza. Rangi za maji husuguliwa hadi zinaingia ndani ya nyuzi, kwa hiyo umbo la picha huonekana nyuma, hasa weusi na buluu. Inamisha karatasi kwenye mwanga wa ubavuni utafute alama za bareni, mikwaruzo laini ya mviringo iliyoachwa na msuguo. Nyuma kukiwa tupu kabisa, shuku. Kukiwa kumebandikwa karatasi nyingine, uliza kwa nini. Mara nyingi imeficha mashimo ya wadudu.

Weka lenzi. Chapa ya ubao haina nukta za mpangilio. Rangi huwa tambarare, pengine na mishipa ya mbao ndani yake, na kingo za mistari huwa na ukali wa kisu.

Gusa, kama unaruhusiwa, kwa mikono iliyonawiwa na kukauka. Karatasi ya hosho hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Ni laini, ina unene kidogo kama kitambaa, haipigi kelele kama karatasi ya ofisini.

Mulika kwa taa ya kukagulia noti, ile iliyopo kila duka kubwa. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita Vikuu vya Pili, nazo hung'aa buluu-nyeupe chini ya taa hiyo. "Chapa ya 1857" inayong'aa hivyo si ya 1857. Ikikaa kimya bado hujathibitisha chochote, ila umeondoa uongo mmoja.

Pima. Ukubwa wa kawaida, obani, ni kama sentimita 39 kwa 26. Chubani ni karibu nusu yake. Ukikuta obani ina sentimita 34 kwa 22, imekatwa. Na kukatwa kuna hasara zaidi ya ukubwa: katika mfululizo wa Hiroshige wa mandhari ya Edo, muhuri wa mchapishaji Uoya Eikichi hukaa kwenye ukingo wa kushoto. Aliyekata ukingo amekata cheti cha kuzaliwa.

Soma rangi. Nyekundu ya maua ya kartamu (safflower), beni, na buluu ya zamani ya maua hufifia upesi sana kwenye mwanga. Buluu ya Prussia, iliyotoka Ulaya na kuenea kwenye chapa mnamo 1830, hudumu. Ndiyo maana chapa nyingi zilizoninginizwa ukutani hubaki na buluu na weusi tu, nyingine zote zimekimbia. Linganisha na nakala ya makumbusho uone kilichopotea. Na kinyume chake, chapa ya 1795 yenye waridi linalowaka kama la jana, iangalie mara mbili.

Mwisho, na hili ndilo gumu: kuna nakala za ubao uliochongwa upya, miaka mia na zaidi iliyopita, kwenye karatasi nzuri, kwa mkono. Zinapita vipimo vyote hapo juu. Dawa yake ni kulinganisha mstari kwa mstari na nakala ya makumbusho: nywele za paji la uso, kona za maandishi, vidole vya povu la wimbi. Hakuna mchongaji anayeweza kurudia mistari elfu bila kupotoka mahali.

Hatua ya 6: Kununua na kuleta

Nunua kwa duka linalotoa maelezo kamili ya kasoro na linalokubali kurudishiwa mzigo. Tokyo kuna mtaa wa Kanda Jimbocho, wa vitabu vya kale, ambako maduka kama Hara Shobo na Ohya Shobo yameuza chapa kwa muda mrefu. Kwa muuzaji yeyote omba mambo matatu: picha ya mbele bila kioo, picha ya nyuma, na vipimo vya karatasi. Akikataa la pili, mwache.

Mwambie asafirishe ikiwa imelala kati ya makadibodi mawili magumu. Isikunjwe kwenye bomba. Karatasi ya zamani ikizungushwa, hupata mikunjo. Ankara iandike wazi kwamba ni chapa ya sanaa na mwaka wake, kwa sababu forodha ina fungu lake la kazi za sanaa (sura ya 97), na vitu vilivyopita miaka 100 vina namba yake humo. Ukiwa Dar au Mombasa, mpe wakala ankara hiyo kabla mzigo haujafika.

Hatua ya 7: Kuitunza katika hewa yetu

Usiipige laminesheni. Nalisema kwanza kwa sababu kila duka la steshenari litakushauri hivyo kwa nia njema. Plastiki ile ya moto haitoki tena.

Usimwachie fundi fremu bila kusimama naye. Kunisada wangu wa pili nilimwacha asubuhi, jioni nikamkuta amebandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao juu ya hadibodi, kingo zimekatwa ili aenee vizuri. Fundi alifanya kama anavyofanya picha za harusi, na mimi sikumweleza. Namkumbuka yule mwigizaji mpaka leo, mkono wake wa kulia umeishia kwenye kiganja.

Njia sahihi: kadi nene isiyo na asidi, yenye dirisha, na chapa inaning'inizwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu. Selotepu hapana, hata ile "inayotoka". Kioo kisiiguse chapa. Kadi ya kawaida ya bei nafuu ina asidi, nayo huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha.

Adui wa Pwani ni unyevu. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na Dar hiyo ni hali ya kila siku. Nahifadhi zangu zimelala ndani ya mabahasha ya karatasi isiyo na asidi, katika sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika ninavyovibadilisha kila mwezi na kipima unyevu kidogo cha dukani. Sanduku liko juu ya kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa. Msimu wa masika nalifungua kila wiki nikitafuta harufu ya ukungu; pua huwahi kuliko macho.

Ukitaka kutundika, tundika moja kwa miezi mitatu, mahali jua halifiki, kisha irudishe gizani utoe nyingine.

Hatua ya 8: Kuitazama

Chapa hizi hazikutengenezwa kwa ukuta. Zilishikwa mkononi, watu wameketi chini, mwanga ukiingia ubavuni kupitia mlango wa karatasi. Zima taa ya dari. Keti karibu na dirisha asubuhi, weka chapa kwenye kadibodi, iinamishe polepole kuelekea mwanga.

Utaona vitu ambavyo skrini haiwezi kukupa. Manyoya ya ndege au ukosi wa kimono uliochapwa bila wino wowote, ubao umeikandamiza karatasi tu hadi ikainuka. Unga wa ulanga (maika) unaometa nyuma ya nyuso za wanawake za mchoraji Utamaro. Na bokashi, rangi inayoyeyuka kutoka giza hadi weupe: mchapaji huloanisha ubao na kuifuta rangi kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine, kwa hiyo hakuna wingu linalofanana na lingine. Katika "Mvua ya Ghafla" wingu jeusi la juu limefanywa hivyo. Niliipata nakala halisi miaka minne baada ya ile ya nukta, imekatwa kidogo chini na ina tundu moja la mdudu kwenye mto. Wingu lake linashuka upande wa kushoto kuliko nakala yoyote niliyoiona, kana kwamba siku hiyo mchapaji alikuwa na maji mengi kwenye brashi.

Kwa kila chapa, andika kadi yake kwa penseli: mchoraji, picha, mwaka, mihuri, vipimo, kasoro, ulikoinunua, bei. Iweke kwenye bahasha pamoja nayo. Usiandike nyuma ya chapa yenyewe.